Huduma za afya ya akili hospitalini: gharama iko wapi hasa?

Magonjwa ya akili yakitajwa katika mazungumzo ya hospitali za umma, hatuchukui muda kufika kwenye fedha, na tukishafika hapo tunanyamaza. "Ni huduma ghali, Serikali ina mambo mengi." Nimemuuguza kaka yangu kwa miaka tisa, nimekalia mabenchi ya kliniki kadhaa, na ninaamini kabisa kwamba wengi wetu, wakiwemo baadhi ya wanaopanga bajeti, tunaitafuta gharama mahali isipokuwepo.

Dhana: "Tujenge hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, ubora utakuja"

Wazo hili tumeishi nalo kwa karne nzima. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, na zote mbili bado zinahitajika kwa wagonjwa waliozidiwa sana. Lakini mgonjwa wa Kigoma au Mtwara akipewa rufaa ya kwenda Dodoma, hasafiri peke yake. Huenda na ndugu wawili, na wote watatu wanahitaji nauli, pa kulala na chakula, huku shamba likibaki bila mtu. Akiruhusiwa hupangiwa tarehe ya kurudi kliniki. Tarehe ikifika nauli haipo, na dawa inakatika.

Shirika la Afya Duniani limeonyesha kuwa katika nchi za kipato cha kati karibu asilimia 70 ya fedha ambazo serikali hutenga kwa afya ya akili huishia kwenye hospitali maalumu za magonjwa hayo. Tanzania na Kenya zimo katika kundi hilo la kipato. Vitanda vichache katika hospitali ya wilaya, pamoja na siku maalumu ya kliniki katika kituo cha afya, vingemfikia mgonjwa kabla hajafikia hatua ya kufungwa kamba ndani ya gari la kukodi.

Dhana: "Dawa zenyewe ni ghali mno"

Zipo dawa mpya za bei kubwa, sikatai. Lakini dawa zinazotegemewa katika wodi zetu ni za miaka mingi. Klopromazini ilianza kutumika kwa magonjwa ya akili mwaka 1952, haloperidoli iligunduliwa mwaka 1958. Hakuna kampuni moja inayozimiliki tena, viwanda vingi vinazitengeneza, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kinachotugharimu ni dawa kukosekana. Kaka yangu alikuwa akitumia haloperidoli pamoja na benzheksoli, kidonge kidogo cheupe cha kuzuia mwili usikakamae. Mwezi mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, dirisha la dawa walitupatia haloperidoli, wakaandika "O/S", yaani imekwisha, mbele ya benzheksoli na kutuambia tukanunue nje. Nikasema kile kidogo si kitu, tutakipata mwezi ujao. Siku ya nne shingo yake ikapinda upande mmoja, taya zikakaza, ulimi ukawa mzito, na macho yakabaki yameelekea juu. Jirani akasema ni majini. Alipotulia, kaka akazitupa dawa zote chooni, na simlaumu. Wiki ya tano alikuwa barabarani usiku, hana shati.

Hesabu ya safari hiyo ninayo mpaka leo kwenye daftari: gari la kukodi, vijana wanne wa kumshika, dirisha la jirani lililovunjika, siku arobaini na mbili za kulazwa, na mimi bila kufungua genge langu kwa muda wote huo. Hospitali nayo ilitoa kitanda, chakula, sindano na wauguzi kwa siku hizo zote. Kwa fedha hizo angenunuliwa benzheksoli ya miaka.

Tena kumpa mgonjwa dawa bado si ubora. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, anatakiwa kupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana sana. Wa klozapini, dawa ya wale wasiosaidiwa na dawa nyingine, lazima chembechembe zake nyeupe za damu zifuatiliwe, maana dawa hiyo inaweza kuzipunguza. Kidonge kinaweza kuwepo na maabara ikawa haina kitendanishi, kemikali ya kupimia. Anayeandaa bajeti akihesabu vidonge tu, ameacha nusu ya tiba.

Dhana: "Bila daktari bingwa hakuna huduma"

Mabingwa ni wachache, na hata tukianza leo, kumsomesha mmoja huchukua miaka mingi. Lakini tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi na matabibu wa kawaida kutambua na kutibu sonona (huzuni nzito isiyoisha), kifafa na saikosisi (kama kusikia au kuona visivyokuwepo). Huko Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa jamii, wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bingwa anabaki kuwa wa lazima, kwa kusimamia na kupokea kesi ngumu.

Dhana: "Heshima kwa mgonjwa haina gharama, ni roho tu ya muuguzi"

Hii husemwa kwa nia njema, nami niliiamini. Kisha nikalala wodini na kaka yangu. Muuguzi alikuwa mmoja kwa zamu nzima ya usiku, na wagonjwa walizidi thelathini. Mmoja alianza kupiga kichwa ukutani. Yule dada alizungumza naye kwa upole kwa dakika kama kumi, huku wengine wawili wakimwita, na mwishowe akamfungia kwenye chumba cha peke yake. Alirudi mezani akakaa bila kusema neno. Roho nzuri alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa pili.

Kumtuliza mgonjwa bila kumfunga kunahitaji mikono, mafunzo na muda, na hivyo vyote ni mishahara. Hata hivyo si lazima tusubiri utajiri. Katika jimbo la Gujarat, India, hospitali sita za umma zilifundisha watumishi kuhusu haki za wagonjwa na kuwashirikisha wagonjwa na familia katika mipango ya matibabu. Zilipolinganishwa na nyingine ambazo hazikufanya hivyo, ubora wa huduma zake ulipanda ndani ya mwaka mmoja, ingawa rasilimali zake ni chache.

Dhana: "Ni fedha ya kutupa, hawaponi"

Kaka yangu anachomwa sindano yake kila baada ya wiki nne na anafyatua tofali. Kwa sonona na wasiwasi, uchambuzi wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa kila dola 1 inayowekwa katika tiba hurudisha dola 4 kwa afya bora na kazi. Bado serikali nyingi duniani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na katika nchi maskini kabisa kiasi hicho hushuka hadi senti 4 za dola kwa mtu kwa mwaka.

Kituo chetu cha afya kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na hapo ndipo mipango na matumizi ya kituo hujadiliwa. Mwaka jana niliomba nafasi, nikaenda na daftari langu, nikawasomea hesabu ya siku arobaini na mbili. Mfamasia alisema benzheksoli haikuwahi kuwekwa kwenye maombi kwa sababu hakuna aliyewahi kuiulizia. Robo iliyofuata iliwekwa.