Nati ya pampu ya oili haishikwi na nguvu za mkono

Mafundi wengi bado wanaamini kwamba nati ya pampu ya oili ikilegea, basi aliyeifunga hakuikaza vya kutosha. Kwenye injini za BMW za silinda 6 kama M50 na M52, zilizofungwa kwenye E36 (BMW 3 Series ya miaka ya 1990), imani hiyo imeua injini nzima nzima.

Pampu ya oili ya injini hizi huzungushwa na cheni kutoka kwenye krenki (shafti kuu ya injini), na gia ya cheni inashikwa kwenye shafti ya pampu na nati moja tu. Thredi yake ni ya kushoto: unafungua kwa kuzungusha kulia. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo nati inajikaza yenyewe. Si kweli. Mtetemo wa krenki kwenye mizunguko mikubwa, hasa gari la mashindano, huitikisa nati kidogo kidogo hadi ing'oke. Gia inachomoka, presha ya oili inaisha, na beringi zinaanza kusagika.

Kuikaza kupita kipimo kunavuta thredi, halafu nati inashika vibaya zaidi. Ukishashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), safisha thredi mpaka zisiwe na oili hata kidogo, tia gundi ya thredi inayostahimili joto, kaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kulingana na kitabu cha gari. Kisha ifungie kwa waya wa usalama: nati na gia vitobolewe, waya uvutwe upande wa kukaza. Mimi nauamini waya kuliko gundi peke yake.

Taa ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini hapohapo.