Dhamana ya Afya ya Mtoto wa Mbwa: Isome Karatasi Kabla ya Kutoa Fedha

Familia moja ilifika kwenye kliniki yetu ya mafunzo ikiwa na mtoto wa German Shepherd ndani ya katoni, amefunikwa taulo, anatapika na kuharisha damu. Walikuwa wamemnunua siku sita tu zilizopita. Kabla hata ya kuonyesha kadi ya chanjo, baba wa familia alitoa mfukoni karatasi yenye muhuri wa buluu, iliyoandikwa juu yake kwa herufi kubwa "Dhamana ya Afya", ambapo muuzaji aliahidi kuwajibika kwa ugonjwa wowote utakaojitokeza ndani ya saa 72. Kipimo cha haraka cha kinyesi kilionyesha parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Mtoto yule alikaa kwenye dripu siku tano na akapona, lakini gharama yote waliibeba wenyewe, kwa sababu saa 72 zilikuwa zimekwisha siku ya tatu na kutapika kulianza siku ya tano.

Muuzaji hakuwa amevunja neno lolote alilolitia sahihi. Tangu virusi vya parvo viingie mwilini hadi dalili zionekane hupita kwa kawaida siku 3 hadi 7, na wakati mwingine hata 14, kwa hiyo mtoto aliyeambukizwa kwenye banda la muuzaji anaweza kucheza, kula na kutikisa mkia muda wote wa dhamana ya saa 72, kisha akaanguka baada yake. Distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, hukawia zaidi, kwani huweza kujificha kati ya wiki moja na nne, na pengine zaidi ya hapo. Kila ugonjwa una muda wake wa kujitokeza, na kazi ya mnunuzi ni kuulinganisha muda huo na ule ulioandikwa kwenye karatasi. Kwa magonjwa ya kuambukiza tunashauri usikubali dhamana iliyo chini ya siku 14, na muuzaji mwenye imani na banda lake hatakuwa na sababu kubwa ya kukataa.

Ukishaangalia muda wa dhamana, tazama kinachoahidiwa. Dhamana nyingi tunazoletewa haziahidi kurudisha fedha wala kulipia matibabu, bali kumbadilisha mtoto aliyekufa kwa mwingine. Ahadi hiyo huonekana ya ukarimu, lakini kwa parvo ni ya hatari, kwa kuwa virusi hivyo hukaa kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi. Mtoto wa pili akitoka kwenye banda lilelile, huenda akaja na maradhi yaleyale. Na hata akija mzima, anaingia kwenye ua ambao mwenzake aliuchafua kwa kinyesi. Omba iandikwe kwamba unaweza kuchagua kurudishiwa fedha, na kwamba uamuzi kuhusu chanzo cha ugonjwa au kifo utatolewa na daktari wa mifugo aliyesajiliwa ambaye wewe mwenyewe umemchagua. Sharti linalomtambua daktari wa muuzaji peke yake, au linalofuta dhamana endapo mbwa atatibiwa kabla muuzaji hajatoa ruhusa, linakufunga mikono saa ileile unapotakiwa kukimbia kliniki.

Kadi ya chanjo ndiyo ushahidi wa karibu zaidi, na wengi huitazama juujuu. Ya mtoto yule ilionyesha chanjo tatu zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila stika hata moja, na tarehe ya kwanza iliangukia alipokuwa na wiki mbili tangu azaliwe. Mtoto wa umri huo bado analindwa na kingamwili alizozipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, na kingamwili hizohizo huizuia chanjo kufanya kazi; ndiyo maana tunaanza katika wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Kwa hiyo mtu anayekuuzia mtoto wa wiki nane na kukuambia kuwa "amemaliza chanjo" amekosea au anakudanganya. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa afikapo miezi mitatu, nawe utalazimika kuisimamia mwenyewe bila kuchelewa, kwa sababu ugonjwa huo unaua watu. Kadi ya kuaminika hubandikwa stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na sahihi, muhuri na namba ya usajili ya daktari. Nchini Kenya usajili huo huthibitishwa kwa Kenya Veterinary Board, na nchini Tanzania kwa Baraza la Veterinari.

Magonjwa ya kurithi ni jambo jingine kabisa, na hapa dhamana ndefu inaweza kukupotosha kuliko fupi. Maungio ya nyonga yaliyolegea, tatizo linalowasumbua sana German Shepherd, Rottweiler na Labrador, hayawezi kuthibitishwa kwa kumtazama mtoto wa wiki nane akikimbia. Shirika la OFA la Marekani, linalokagua nyonga za mbwa, halitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24, na mpango wa Uingereza wa kukagua nyonga hupokea picha za eksirei za mbwa aliyefikisha angalau mwaka mmoja. Dhamana ya nyonga ya miezi sita, basi, inakwisha kabla ya vyeti hivyo kuweza kutolewa. Lenye uzito ni vyeti vya wazazi wote wawili. Dai vyenyewe, kisha hakikisha kwamba namba ya chipu (kitambulisho kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya mbwa) iliyo kwenye cheti, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 15, ndiyo inayosomwa na kifaa kinapopitishwa shingoni mwa mzazi uliyeonyeshwa. Cheti cha nasaba, hata kile cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa nasaba, kinakueleza mtoto ametoka ukoo gani. Hakisemi lolote kuhusu nyonga zake.

Ni haki pia kumtetea mfugaji mwema. Wazazi wenye nyonga nzuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbovu, kwani jeni zinazohusika ni nyingi, na ulishaji wa kumnenepesha mtoto wa mbwa mkubwa huzidisha tatizo. Hakuna mfugaji mkweli anayeweza kukuahidi nyonga kamili. Anachoweza kukuahidi kwa uhakika ni mambo yanayotokana na jeni moja inayopimika: kwa mfano ugonjwa wa uti wa mgongo unaopoozesha miguu ya nyuma ya German Shepherd, mara nyingi baada ya umri wa miaka minane, hupimwa kupitia jeni ya SOD1, na mzazi mmoja tu akithibitishwa kuwa na nakala mbili salama, hakuna mtoto wake atakayerithi nakala mbili zenye kasoro hiyo.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 nchini Kenya na Sura ya 214 nchini Tanzania, humtaka anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu kinachofaa kwa ubora, lakini haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuiona. Ukimkagua mtoto ukaona ngiri ya kitovu, iandikwe kwenye mkataba pamoja na makubaliano kuhusu nani atalipia upasuaji. Hifadhi ujumbe wa malipo wa M-Pesa, kwa kuwa ndio unaoonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Nchini Kenya, madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo.

Usikubali kukabidhiwa mtoto kando ya barabara au kwenye kituo cha mafuta. Nenda kwenye banda, umwone mama akiwa na watoto wake, unuse sakafu, utazame kama kuna kinyesi chenye majimaji na kama masikio ya mama yamejaa kupe. Siku ya kumchukua, mpitishe kliniki kabla ya kumfikisha nyumbani, ukiwa na kadi na nakala ya dhamana, ili daktari aandike hali yake na tarehe. Kisha kwa siku 14 mtenge na mbwa wengine wa nyumbani, awe na chombo chake cha chakula na cha maji, na usimpeleke mahali wanapopita mbwa usiojua kama wamechanjwa.