Uvimbe Unaouma Kwapani Usiokoma Kurudi

Wagonjwa wengi wanaofika katika kliniki yangu ya ngozi hapa Kisumu wakiwa na uvimbe unaouma kwapani huwa wamekwisha kujiambia kwamba ni jipu, au kwamba ni saratani. Mimi huanza kwa kuuliza iwapo uvimbe huo umewahi kutokea pale pale.

Ikiwa ni mara ya kwanza, huutazama mkono mzima kuanzia vidoleni. Mchuuzi wa samaki akichomwa na mwiba wa ngege, na kidonda kikaingia vijidudu, mtoki huweza kumtokea kwapani, na hapo kinachohitaji kutibiwa ni kile kidole. Jipu lenyewe huota kwenye shina la unywele, aghalabu baada ya kunyoa, na hukandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Haifai kuliminya. Likikusanya usaha mwingi hupasuliwa na mhudumu wa afya, kwa kuwa antibiotiki peke yake ni nadra kuumaliza usaha huo.

Ninayemwonea huruma zaidi ni yule aliyepasuliwa kwapa lile lile mara kadhaa, na kila mara akaambiwa aoge vizuri. Nikimkagua kwa makini huona vidoa vyeusi vilivyokaa viwili viwili, makovu yaliyojikunja kama kamba, na pengine vitundu vinavyotoa majimaji yenye harufu. Huu ni ugonjwa uitwao hidradenitisi, ambao kwa kawaida huanza baada ya kubalehe na huweza kushika kinena pia. Mwaka 1854 daktari Mfaransa Verneuil aliuhusisha na tezi za jasho. Leo tunajua kwamba kinachoziba ni kifuko cha unywele, ambacho hupasuka chini ya ngozi na kuwasha moto wa uvimbe. Hauambukizi wala hausababishwi na uchafu, na ningependa hata wenzangu wa zahanati walikumbuke hilo kabla ya kumwaibisha mtu. Sigara na unene huuzidisha.

Matibabu huchukua miezi, kwa antibiotiki: klindamisini ya kupaka, au vidonge vya doksisaiklini, ambavyo hatumpi mjamzito. Wengine huhitaji rifampisini pamoja na klindamisini, lakini kwa kuwa rifampisini ni dawa ya kifua kikuu, ni lazima kwanza tuhakikishe kwamba mgonjwa hana kifua kikuu, vijidudu vyake visije vikaizoea dawa hiyo. Ngozi iliyokwisha kutoboka mifereji huhitaji upasuaji wa kuiondoa, wala si kutumbuliwa usaha tena na tena.

Uvimbe ukiambatana na homa au michirizi myekundu mkononi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ule usiouma, mgumu, usiosogea unapoguswa, na uliopita wiki mbili, ndio unaonitia wasiwasi zaidi, na mwenye nao hukaguliwa matiti pia, hata akiwa mwanamume.