Wati, volti na yuniti za Yaka: kila kimoja kinapima nini

Mita ya Yaka, ile ya Uganda ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, inahesabu nishati. Yuniti moja unayonunua ni kilowati-saa moja, yaani jouli milioni 3.6 (jouli ni kipimo kidogo cha nishati). Wati ni kasi ya kuitumia nishati hiyo: wati 1 ni jouli 1 kwa kila sekunde. Asiyetofautisha hivi viwili husikia bwawa la umeme la Karuma lina megawati 600 akadhani ni akiba ya umeme iliyowekwa mahali. Maana yake ni kwamba mitambo yote sita ikizunguka kwa uwezo wake wote, kila saa inatoa yuniti 600,000.

Chaji ya umeme inayopita kwenye waya inapimwa kwa kulombi, na volti inaonyesha kila kulombi moja inabeba jouli ngapi. Umeme wa majumbani Uganda ni wa volti 240, kwa hiyo kila kulombi ikipita kwenye birika inaacha humo jouli 240. Ampea ni kulombi ngapi zinapita kwa sekunde. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati.

Tuchukue birika la wati 2,000. Gawanya kwa 240: linavuta ampea 8.3. Ndani mna lita moja na nusu ya maji yenye nyuzi 20. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko ya pwani, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja kunataka jouli 4,200. Jumla ni kama jouli 479,000, au yuniti 0.13, na kazi inaisha kwa dakika nne.

Jioni volti zinashuka hadi 200, na watu wanalalamika kwamba umeme dhaifu unakula yuniti. Kwa birika, lawama hiyo haina msingi. Ukinzani wa koili yake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni omu 28.8, mchana na jioni. Kwa volti 200 zinapita ampea 6.9 tu, na wati zinabaki 1,390. Maji yatachukua karibu dakika sita, lakini mita itakata takriban yuniti zilezile, pamoja na kidogo kinachopotea kwa joto linalotoka pembeni.

Friji ni habari nyingine. Mota ya kompresa inang'ang'ania mzigo wake. Volti zikipungua inavuta ampea zaidi, koili zinapata joto kupita kiasi na vanishi inayozikinga inaungua. Kwa hiyo umeme ukiwa dhaifu, chomoa friji. Ukirudi baada ya kukatika, ngoja dakika tano kabla ya kuiwasha ili kanieneo ya gesi ndani ya kompresa isawazike, la sivyo mota inaweza kukwama.

Joto kwenye waya linafuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, kisha kwa omu. Hapa ndipo ekstensheni za bei rahisi zinapoumbuka. Birika hilo na pasi ya wati 1,000 kwa pamoja ni ampea 12.5. Waya wa milimita za mraba 0.75 unafaa ampea 6 tu. Mzigo huo unataka 1.25. Na usiuache waya umekunjwa, maana joto halipati pa kutokea.

Skrubu iliyolegea ndani ya plagi ni hatari zaidi, kwa sababu haijitangazi. Ikiongeza nusu omu tu, ampea 12.5 zinazalisha wati 78 mahali padogo kama ukucha. Plastiki inayeyuka, na fyuzi ya ampea 13 inatulia tuli, kwani ampea hazijazidi. Plagi ikiwa ya moto mkononi au imebadilika rangi, zima swichi, ichomoe, na fundi akate ncha ya waya iliyoungua, aimenye upya na kufunga plagi mpya. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile, kamwe si karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara.