Je, wajua kwa nini mtoto huandika "lafiki" ilhali herufi r anaijua?

Katika madarasa ya kwanza ya Rungwe, Mbeya mjini hata Iringa, imla ya maneno rafiki, barua na karoti hurudi mezani kwa mwalimu ikiwa lafiki, balua, kaloti. Kalamu nyekundu inapita, mtoto anaamriwa aandike r mpaka ukurasa ujae, na imla inayofuata inakuja na balua ileile.

Adhabu hiyo imejengwa juu ya dhana mbili: kwamba mtoto hajashika herufi, au kwamba ana ulimi mzito. Zote mbili zinatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo.

Tuanze na herufi. Anayechanganya b na d anasumbuliwa na jicho, kwa kuwa umbo ni lile lile limegeuziwa upande wa pili. Huyo atasaidiwa na mkono: b ianzie kwenye mstari, d ianzie kwenye duara, aichore hewani kwa kidole, kisha kwenye daftari. Lakini l na r hazifanani. Mpe kadi mbili, mwambie akuonyeshe r. Ataionyesha bila kusita. Kwenye daftari makosa haya mawili yanaonekana ni ya ukoo mmoja, herufi moja imekaa penye nyingine, ila chanzo ni tofauti na dawa ya moja haiigusi nyingine. Ndiyo maana ukurasa mzima wa r humletea mtoto mwandiko mzuri wa r na si zaidi ya hapo.

Tena aliyeandika "lafiki" amefanya kazi kubwa. Amelikata neno vipande sita vya sauti, kila kipande akakipa herufi yake, na mpangilio haukuharibika. Hiyo ndiyo stadi ambayo K ya kuandika katika KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) inaitafuta. Anayestahili wasiwasi ni yule aliyeandika "rfk" au "rakifi", hata kama r yake imekaa mahali pake.

Dhana ya ulimi mzito nayo inavunjwa na watoto wenyewe. Wakishakaripiwa vya kutosha, huanza kuandika na kutamka chakura, kurara, marango. Ulimi usioweza r umeitoa wapi r ya chakura? Ulimi unaweza. Mtoto amejifunza kwamba l ni hatari, hajajifunza ni wapi haihitajiki, basi anaikwepa kila mahali. Ukiona "kurara" zimezidi darasani, ujue masahihisho yametangulia na sikio limeachwa nyuma.

Sikio ndilo lenye habari. Kinyakyusa, lugha ya Rungwe, na Kihehe, lugha ya Iringa, havitumii r na l kutenganisha maana ya maneno, l inatosha. Jina la Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome, na r imeingia njiani. Sikio lililolelewa katika lugha kama hizo halijawahi kulipwa chochote kwa kutenganisha sauti hizo mbili. Mlete mgeni sokoni Tukuyu: ataona ndizi. Muuzaji anaona mzuzu pembeni ya aina nyingine kadhaa, kila moja na bei yake na upishi wake. Macho ya mgeni ni mazima, ila hajawahi kuhitaji kuzipanga mafungu. Ukimkemea hatajifunza. Ukimwonyesha mkungu mmoja wa mzuzu kila siku, atautambua mkungu huo tu. Atakayemsaidia ni yule atakayemwekea mikungu mingi ya aina mbili ubavuni kwa ubavu, akaitaja, akamwachia akisie, akamsahihisha papo hapo.

Upangaji huo wa sauti huanza mapema mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha watoto wachanga wa Marekani na wa Japani katika sauti za r na l za Kiingereza. Wakiwa na miezi 6 hadi 8 walizitenganisha kwa kiwango kimoja. Walipofika miezi 10 hadi 12 wa Marekani walikuwa wamepanda na wa Japani wameshuka. Mlango haufungwi kabisa, kwani Wajapani watu wazima waliozoezwa kwa sauti za wasemaji wengi walipata nafuu. Hata hivyo hao ni Wajapani na r ya Kiingereza, ambayo si r yetu ya kimadende, yaani ya ncha ya ulimi inayogonga. Kuyahamishia matokeo hayo Tukuyu kunataka tahadhari. Pia si kila mtoto wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, anajua Kinyakyusa. Wengine wana Kiswahili peke yake, ila ni Kiswahili cha watu wazima wasemao balua.

Kiswahili chenyewe hakijazitenganisha sana: ulimi huzaa ndimi, na kitu kirefu kikiwa njia huwa ndefu. Baada ya n, l na r zote zinaishia kwenye d. Na tazama jozi ambazo walimu huzitumia kuonyesha kwamba tofauti ni muhimu: kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari, hali na hari. Maneno yote manane yana asili ya Kiarabu.

Darasani, anza kwa kupima. Wanafunzi wafumbe macho, la sivyo mikono yote itamfuata mtoto mmoja anayejiamini. Funika mdomo kwa kadi uliyoishika mbali kidogo ili sauti isizibwe. Tamka ra au la mara 10, tano kwa tano, bila mpangilio wa kukisiwa. Ainuaye mkono anadai amesikia ra. Mwenye 9 au 10 anasikia, kwa hiyo kilichobaki ni mazoea ya kuandika. Mwenye 5 au 6 anabahatisha, na imla ya r kwake bado ni mapema.

Kwa huyo, dakika 10 kwa siku zinatosha: kusikia kwanza, kisha kutamka, kisha kadi, daftari mwisho. Tafuta sauti zaidi ya moja, mwalimu wa jirani, mwanafunzi anayetofautisha, hata rekodi ya simu. Katika kutamka, l inavutwa ulimi ukiwa umetulia kwenye ufizi, hewa ikipita pembeni. R haitulii, ncha inagonga na kuachia. Anayekwama aseme dadada kwa kasi mpaka d ilegee. Kula na kura zinafaa kwa picha, sahani na sanduku la kura. Fahari haichoreki, iacheni. Herufi hizi mbili zisifundishwe kwa mara ya kwanza katika wiki moja.

Kusoma kwa sauti kuna sheria yake. Mtoto aliyeona "rafiki", akatamka lafiki na kuonyesha picha sahihi, amesoma. Vipimo kama EGRA, kipimo cha kusoma cha madarasa ya awali, havihesabu lafudhi kuwa kosa.

Kinyakyusa hakina z pia, kwa hiyo "sawadi" hupimwa vivyo hivyo. Hapo kuna msaada wa ziada: vidole kooni, z inatetemesha na s haitetemeshi. Kwa l na r usijaribu, koo hutetemeka katika zote mbili.