Usiniambie Huna Mjomba Bandarini

Wiki iliyopita kijana mwenye cheti cha umeme cha VETA alinisimamisha stendi ya Kange. "Shikamoo mama. CV nimepeleka kila mahali, lakini mimi sina mjomba bandarini."

Marahaba mwanangu, lakini hapana. Nimefanya kazi ya uajiri hapa Tanga miaka 14, na kauli hiyo imenichosha, maana inawakalisha nyumbani vijana wenye mikono mizuri.

Kupewa nafasi usiyoistahili kwa sababu ya undugu ni upendeleo. Upo, siukatai. Kazi hupatikana kwa kujuana, ila kujuana ninakokusema mimi ni habari kutembea. Fundi akiacha kazi kiwandani Ijumaa, msimamizi mara nyingi haanzi na tangazo. Huwageukia walio karibu naye: "Mnamjua mtu?" Hutajwa yule aliyeonekana akifanya kazi. Serikalini sirefushi: maombi hupita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, usaili upo, na anayekuomba hela akuingizie jina ni tapeli.

Kinachoniudhi zaidi ni huyo mjomba mwenyewe. Kwa nini lazima awe ndugu? Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza alichokikuta kwa watu waliobadili kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake hata Ngamiani utaiona: mnaokunywa kahawa pamoja kila jioni mnajua habari zilezile. Nafasi iliyofunguka Pongwe jana anaijua yule uliyefanya naye mafunzo kwa vitendo miezi miwili, mkaachana mkisema "tutatafutana", na hamkutafutana.

Wala usikimbilie kumwandikia mtu asiyekujua kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 20 kwenye LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, ulionyesha kwamba waliosaidia zaidi ni wa katikati: si wa nyumbani, si wageni.

Kijana nilimwuliza: nani amewahi kukuona ukivuta nyaya? Akakaa kimya, kisha akawataja sita. Ujumbe wake wa kwanza uliandikwa "Kaka naomba unisaidie kazi." Nikamwambia afute. Ombi hilo linamtwisha mwenzio mzigo asioweza kuubeba, naye atanyamaza kwa aibu. Tukaandika: "Kaka, habari za siku nyingi. Ni mimi tuliyefunga wote taa za ghala lile. Sasa nina cheti. Huko kwenu kazi za umeme mnafanya wenyewe au mnampa mkandarasi? Nizungumze na nani?" Swali la namna hiyo mtu hulijibu hata akiwa kwenye daladala. Jibu lilikuja jioni: wao wametosha, lakini mkandarasi wao anatafuta wasaidizi, na namba yake hii hapa.

Lakini nina mashaka yangu. Mwanasosholojia Yanjie Bian alichunguza mji wa Tianjin nchini China, akaandika mwaka 1997 kwamba huko kazi zilipitia watu wa karibu sana, kwa kuwa aliyesaidia alikuwa akijihatarisha. Tanga tunafanana na nani? Naona habari hutoka mbali, ila dhamana bado tunaidai kwa wa karibu: "Huyu ni mtoto wa nani?" Kijana aliyehamia juzi kutoka Handeni hana wa kumjibia swali hilo, na mbinu zangu zinamsaidia nusu tu.

Wasichana ndio wananinyima usingizi. Habari nyingi za kazi huzunguka vijiweni na majukwaani uwanja wa mpira wa Mkwakwani, kati ya wanaume. Binti akimwandikia mwanaume wasiyezoeana, anaweza kujibiwa, "Njoo tuonane usiku." Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa. Mimi huwaambia waanze na wanawake waliowatangulia kazini, wakutane mchana, ofisini, na ujumbe wasiufute. Lakini kwenye karakana nyingi nilizopita, mwanamke wa kumwanzia hayupo.