Maji ya shisha hayachuji sumu

Wengi huamini kwamba moshi wa shisha ukipita majini hutoka safi. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya 2017, lakini imani hiyo ingalipo. Si kweli. Maji huupoza moshi tu, hivyo haukwaruzi koo na mtu huuvuta kwa kina zaidi, pamoja na nikotini na kemikali za saratani. Kinachonitia hofu zaidi ni mkaa unaowashwa ili kuchoma tumbaku ya shisha: hutoa kaboni monoksidi, gesi ileile isiyo na harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Mvutaji akizimia, mtoeni nje penye hewa, ombeni msaada. Akiwa hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka wahudumu wafike.